Marufuku Kubagua Mchele

Msiniulize Jamhuri ya Sawasawa iko upande gani wa dunia. Anayeijua ananyamaza, na asiyeijua hajawahi kuomba tenda ya serikali. Mimi nasimulia tu yaliyompata Bi Sikudhani Mkopi, mwanamke wa makamo, asiyeona tangu alipougua surua utotoni, mwenye vidole ambavyo jiwe halijapata kuvikwepa.

Nchi ilipewa jina hilo kwa tabia ya watu wake. Serikali ikitangaza jambo, wananchi walijibu, "Sawasawa." Kesho yake serikali ikilikana jambo lilelile, walijibu tena, "Sawasawa," na waliochelewa kujibu walisaidiwa na polisi.

Zamani kidogo palikuwa na Waraka wa Fungu la Tatu. Mzabuni yeyote aliyeiuzia serikali kitu, kiwe mchele, saruji au majeneza, alitakiwa katika kila wafanyakazi watatu awe na mmoja wa kundi maalumu: asiyeona, asiyesikia, mwenye mguu mmoja, na wengine wa namna hiyo. Waraka ulikuwa mzuri, na hata leo sioni haya kuusifu. Waliouchafua ni wazabuni. Siku ya ukaguzi mzee mmoja wa mguu mmoja alikodiwa na kampuni nne kabla ya adhuhuri, akishushwa kwenye pikapu hii na kupandishwa ile, mpaka wakaguzi wakawa wanamsalimia kwa jina lake. Hata hivyo kila mahali walimwandika kuwa mtu mpya.

Bi Sikudhani aliajiriwa kwa mtindo huohuo. Bwana Ngwali, mzabuni wa mchele wa Hospitali Kuu, alimweka kwenye kiti cha plastiki langoni mwa ghala, akamnunulia kanga mpya.

"Kazi yangu nini, bosi?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Kuonekana, dada yangu. Mkaguzi akipita akuone."

"Yaani mimi nisiyeona nimeajiriwa nionekane?"

"Hapo umenielewa."

Alionekana siku tatu. Siku ya nne alichoka kuonekana, akaomba ungo na debe la mchele. Kufika jioni debe lilikuwa safi, na pembeni palikuwa na kilima cha mawe ambacho Bwana Ngwali alikizunguka mara mbili. Mzabuni yule alikuwa na mapungufu mengi lakini ujinga haukuwamo. Alimwongezea wenzake watano wasioona, akawapa meza ndefu na nyungo sita, na Bi Sikudhani akawafundisha. Jiwe jeusi, aliwaambia, hata mwenye macho ataliona. Adui ni jiwe jeupe, lenye ukubwa wa punje na mng'aro wa punje. Hilo hulidanganya jicho, lakini kidole hulitambua kwa ubaridi wake.

Miaka tisa ilipita, na hakuna mgonjwa wa Hospitali Kuu aliyetafuna jiwe. Bi Sikudhani hakuwa na mume wala mtoto. Kazi ile ndiyo iliyomlipia chumba, ndiyo iliyomfanya aitwe kwa jina lake mtaani badala ya kuitwa "yule kipofu." Alikuwa akiipenda, na hakuona sababu ya kuficha.

*

Ndipo akateuliwa Waziri mpya wa Usawa, Mheshimiwa Dakta Kambaulaya. Udaktari wake haukujulikana ni wa nini, na kuuliza lilikuwa kosa. Aliwakusanya wananchi uwanjani, akapanda jukwaani akiwa na watu wawili, mmoja wa kumshikia mwavuli na mwingine wa kumshikia miwani.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kwa miaka mingi tumewabagua wenzetu wasioona. Tumewabagua vipi? Kwa kuwaajiri!"

"Sawasawa!" uwanja uliitika.

"Kumpa mtu kazi kwa sababu haoni ni kumkumbusha kwamba haoni. Je, huo ni utu? Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Kuanzia leo, serikali hii haichagui, haitengi, haibagui!"

"Sawasawa!"

Waraka mpya ulikuwa na sentensi moja. "Mzabuni wa Serikali hatabagua, hataruhusu kubaguliwa kwa kitu chochote, wala hatatunza chombo cha kubagulia." Inasemekana rasimu ya kwanza iliandikwa "mtu yeyote," lakini mwanasheria mmoja wa wizara alisimama akasema neno "mtu" linawabagua wasio watu. Wajumbe walimpigia makofi, wakaandika "kitu chochote," wakaenda kula.

Siku hiyohiyo, kwa kuwa mkono wa kuandika ulikuwa umeshapata moto, walipiga marufuku watumishi wa umma kutamka "shikamoo" kazini, maana salamu hiyo inawabagua watu kwa umri wao.

*

Wiki ya pili Afisa Usawa Daraja la Pili, kijana aitwaye Lukumba, aliingia ghalani kwa Bwana Ngwali. Alikuta watu sita mezani, vidole vikitembea juu ya nyungo.

"Shika..." alianza, akajiuma ulimi. "Habari yako, mwananchi."

Bi Sikudhani alikuwa ameshaitoa "marahaba" nusu. Ilibidi aimeze, na haikuteremka vizuri.

"Njema, mwanangu. Karibu."

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunabagua."

Kalamu ilisimama. "Mnafanya nini?"

"Tunabagua, baba. Mawe huku, chuya kule, mchele hapa."

"Kwa msingi gani?"

"Msingi gani tena? Jiwe si mchele."

Lukumba aliandika huku akijisomea kwa sauti: "Mhusika amekiri kubagua. Alipoulizwa sababu, amedai kuwa jiwe si mchele."

Bwana Ngwali alitoka ofisini mbio, mkataba mkononi. "Mheshimiwa afisa, tazama kifungu cha saba. Serikali yenyewe ndiyo iliyoandika. 'Mzabuni atabagua mawe, chuya na takataka zote.' Nisipobagua nimevunja mkataba!"

Lukumba alisoma kifungu mara tatu. Huku hatabagua, kule atabagua, na muhuri ulikuwa uleule. Mwishowe alifunga jalada. "Mkataba huu ulizaliwa na ubaguzi. Waraka ni mpya kuliko mkataba, na kipya ndicho kinachotiiwa zaidi." Kisha akazikusanya nyungo zote sita, akazifunga kamba na kuzibandika karatasi yenye neno "Kielelezo."

"Na sisi?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi sita. Sisi tusioona."

"Neno hilo limefutwa, mwananchi. Zamani serikali ilikuwa inawaona kwa orodha. Orodha imechomwa moto mbele ya waandishi wa habari. Kwa sasa serikali haiwaoni."

"Basi, mwanangu," alisema Bi Sikudhani akitafuta fimbo yake, "tusioona tumeongezeka."

*

Alikwenda wizarani, maana aliambiwa lipo dirisha la watu waliobaguliwa. Alisimama foleni tangu asubuhi mpaka wenye foleni walipomwonea haya na kumsukuma mbele. Nyuma ya kioo alikuwapo dada mmoja aliyekuwa akila karanga.

"Nimeachishwa kazi, mama," alisema Bi Sikudhani. "Naona nimebaguliwa."

"Umebaguliwa kwa lipi?"

"Mimi ni kipofu."

"Usijitukane, mama!" Karanga zilisimama mdomoni. "Neno hilo lilifutwa siku nyingi. Likaja 'asiyeona.' Likaja 'mwenye ulemavu wa kuona.' Likaja 'mwenye uoni wa namna yake.' Sasa ni 'mwananchi' tu."

"Haya. Nimeachishwa kazi kwa sababu mimi ni mwananchi."

"Hilo si kosa kisheria."

Bi Sikudhani alivuta pumzi. "Mama, nisaidie. Nifanyeje?"

"Ili mtu alalamike kwamba amebaguliwa, lazima awe na kundi. Makundi yamefutwa. Ukisema unalo, wewe ndiye unayebagua, na mimi nitalazimika kukuripoti. Lakini unaweza kujaza fomu." Karatasi ilipita chini ya kioo.

"Siwezi kuisoma. Nisomee."

"Nikikusomea nitakuwa nimekupendelea. Kila mwananchi anaisoma fomu sawa na mwenzake."

Kinyaa kilimshika Bi Sikudhani. Alikuwa amewahi kudharauliwa, na dharau aliizoea. Lakini kudharauliwa na mtu anayejisifu kwamba anakuheshimu kulikuwa kitu kigeni, na kilinuka. Alitoka nje, akatafuta mfereji kwa fimbo, akatema mate.

*

Bwana Ngwali alihuzunika siku moja nzima. Siku ya pili alipima gunia ambalo halikubaguliwa, akagundua kwamba mawe ni mazito. Huzuni ilimwisha. Siku ya tatu lori la kokoto liliingia ghalani kwa mlango wa nyuma, na dereva hakuulizwa analeta nini. Mtu aliyekuwa akibeba magunia alipolalamika kwamba mchele unalia kama barabara mpya, aliambiwa anabagua.

Hospitalini wagonjwa walianza kutema. Mganga Mkuu aliandika barua kulalamika, na Waziri akaijibu kupitia redio. "Punje na jiwe ni ndugu," alisema. "Wametoka shamba moja, wamepanda gunia moja. Sisi ni nani hata tuwatenganishe sufuriani?" Kesho yake maneno hayo yalibandikwa kwenye ukuta wa kila wodi, kwa rangi ya kijani, mahali palipokuwa na maelekezo ya kunawa mikono.

Jirani yake Bi Sikudhani, mwanamke aitwaye Havijawa, alikuwa akimuuguza mama yake aliyepasuliwa tumbo. Siku moja alikuja na hotipoti ya wali wa hospitali, akalia mlangoni.

"Dada Siku, mama hana meno ya kupambana na haya. Na akimeza, daktari anasema mshono utafumuka."

"Leta maji ninawe," alisema Bi Sikudhani.

Aliumwaga wali ule kwenye sinia, akaupitia punje kwa punje. Mchele mkavu huongea na kidole, lakini wali hunata na kuficha mambo, na kazi ile ilimchukua muda. Alitoa mawe kumi na manane katika mlo wa mgonjwa mmoja. Alipomaliza aliyachukua mkononi, akayahesabu tena kwa hasira.

Kesho yake Havijawa alirudi na hotipoti mbili, ya pili ikiwa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Baada ya wiki zilikuwa kumi na moja. Walizipitisha chini ya kanga, maana kubagua bila kibali lilikuwa kosa, na kibali hakikuwapo. Bi Sikudhani hakuomba malipo. Alikula akiba yake, kisha akauza redio, kisha akaanza kumkwepa mwenye nyumba.

*

Ikakaribia Siku ya Usawa. Wizara ilitangaza kwamba Mheshimiwa Waziri ataketi wodini na wagonjwa, ale wali uleule kwenye sahani ileile, na taifa zima limtazame kwenye televisheni. Mheshimiwa alilikubali wazo hilo kwa furaha kubwa. Kisha mtu mmoja akamwonyesha sahani.

Siku mbili kabla ya sherehe, gari lenye bendera ndogo lilisimama mlangoni kwa Bi Sikudhani. Mtu alishuka na kuinama mpaka goti likagusa kizingiti.

"Shikamoo, mama."

Bi Sikudhani aliitambua sauti. "Marahaba, Lukumba. Kumbe bado unaikumbuka."

"Mama, nimetumwa. Tunahitaji sahani moja tu. Moja! Mchele upo garini."

"Niubague?"

"Usilitamke!" Lukumba aligeuka kumtazama dereva. "Wizara inapendekeza neno 'kuhakiki punje.'"

"Kuhakiki sikujui."

"Kupambanua, basi. Au kuchekecha."

"Hizo kazi za watu wengine. Mimi najua kubagua."

Lukumba alichuchumaa karibu yake na kushusha sauti. "Mama, sikiliza. Ukifanya hili, kazi yako utarudishiwa. Nimeambiwa nikuahidi. Meza yako, ungo wako, wenzako wote watano."

Moyo wa Bi Sikudhani uliruka. Angesema uongo kama angesema haukuruka. Aliikumbuka meza ndefu, vicheko vya wenzake, vumbi la mchele puani, na mwenye nyumba aliyekuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutembea juu ya goti lake bila kuagizwa.

"Niandikie," alisema.

"Niandike nini?"

"Andika hivi: Serikali inamwajiri Bi Sikudhani Mkopi, asiyeona, abague mchele wa Hospitali Kuu. Halafu piga muhuri."

Hata dereva alizima injini.

"Mama, hapo kuna maneno mawili ambayo..."

"Yote mawili nayataka. Kwa ajili ya hayo mawili mlinifukuza."

"Nitapoteza kazi!"

"Pole, mwanangu. Mimi nimeshaipoteza, na nakwambia inauma." Alinyoosha mkono, akakipapasa kichwa cha kijana yule, naye hakukiondoa. "Wali wa wagonjwa naubagua bure, bila karatasi. Wa Waziri, mpaka niione karatasi kwa vidole vyangu, na muhuri wake umevimba."

Lukumba aliinuka. Hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo lililomtia Bi Sikudhani uchungu zaidi: wangekuwa wabaya wote, mtu angelala usingizi. Alipofika garini Bi Sikudhani alimwita.

"Waambie watakaoifanya kazi hiyo: jeusi utalipata, jeupe macho hayaligundui."

Lukumba alidhani ni methali. Aliiandika kwenye kijitabu chake, na kwa kuwa alirudi mikono mitupu, akampelekea mwandishi wa hotuba za Waziri methali hiyo ili asionekane hakuleta kitu.

*

Siku ya Usawa wodi ilipakwa rangi. Wagonjwa waliokohoa walihamishwa. Kule jikoni wapwa sita wa Waziri, wasichana wenye macho mazuri na kope ndefu, walikuwa wamekesha juu ya sahani moja ya mchele, wakatoa kila jiwe waliloliona. Bi Sikudhani alikuwa kwa Havijawa, akisikiliza televisheni.

Mheshimiwa aliketi kitandani kwa mgonjwa. Alisifu punje, akasifu jiwe, akamsifu Rais. "Wahenga walisema," akamalizia, sahani mkononi, "jeusi utalipata, jeupe macho hayaligundui!"

"Sawasawa!" waliitika, ingawa hakuna aliyewahi kuwasikia wahenga hao.

Waziri akatia kijiko kinywani, akatafuna.

Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kwenye tai yake, na taifa zima lilisikia mlio. Havijawa alisema baadaye kwamba Mheshimiwa alifumba macho, machozi yakamtoka, kisha akatabasamu kwa meno mekundu.

"Tamu," alisema.

"Sawasawa!"

Usiku huohuo ndege ya serikali ilimpeleka ng'ambo kutibiwa jino moja. Wagonjwa wa wodi ile walibaki na sahani zao.

*

Waziri aliporudi, waraka ulibadilishwa tena. Iligunduliwa kwamba usawa una ngazi. Kilianzishwa Kitengo cha Uhakiki wa Punje, kwa ajili ya meza za viongozi na wageni wao, chenye nafasi sita za kudumu. Tangazo lilisema nafasi ziko wazi kwa kila mwananchi, na sifa ya lazima ilikuwa moja: awe na macho mawili yanayoona vizuri. Mchele wa hospitali haukutajwa. Kwa sasa wanakitengo hao sita humwita Waziri "mjomba," nyungo zao ni zile zilizokuwa kielelezo, na tukio la jino halizungumzwi.

Bi Sikudhani aliomba nafasi. Havijawa alimwambia anajisumbua, naye akajibu kwamba anajua, lakini anataka wamkatalie kwa maandishi. Havijawa akamwandikia barua, na ndani yake yakawamo yale maneno mawili.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Bi Sikudhani alikuwa ameshahamia kwenye kibanda cha uani kwa Havijawa. Mama yake Havijawa alikuwa amepona na kurudi nyumbani, lakini hotipoti hazikupungua; asubuhi ile zilikuwa ishirini na mbili, zimepangwa ukutani, na wenyewe, ndugu wa wagonjwa, wameketi juu ya mchanga.

"Soma," alisema Bi Sikudhani.

Havijawa alifungua bahasha. "'Ndugu Mwananchi. Ombi lako la kazi limepokelewa, limejadiliwa, na limekataliwa bila ubaguzi wa aina yoyote.'"

"Rudia hapo mwisho."

"'Bila ubaguzi wa aina yoyote.'"

Mtu mmoja kwenye mchanga alicheka, akaona si jambo la kuchekwa, akaacha.

"Karatasi yenyewe nzuri?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Nzito, dada. Ina nembo ya dhahabu."

"Nipe."

Aliipapasa kona zote nne, akapitisha kidole juu ya muhuri, nao ulikuwa umevimba kweli. Kisha akaikunja kifuko kama cha muuza karanga, akakisimamisha kando ya sinia. Alinawa mikono. Akavuta hotipoti ya kwanza, akaimwaga, vidole vikaanza kutembea, na mara vikasimama.

"Jeupe," alisema, akalitia ndani ya barua ya Waziri.

Kufika saa nane barua ilikuwa imejaa.